Majitaka Yapandapo: Pampu za Chini ya Nyumba na Kanuni Zake

Msafiri aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19 alikuwa na mambo mawili ya kufikiri kila jioni: maji yatapatikana wapi, na kambi itapigwa wapi. Jambo la tatu, yaani uchafu wa watu mia kadhaa utakwenda wapi, hakulifikiri. Maana kesho yake alfajiri ngoma ya kirangozi ilipolia, wapagazi waliinua mizigo, msafara ukaondoka, na uchafu ukabaki nyuma. Richard Burton na John Speke walitembea tangu Juni hadi Novemba 1857 kabla ya kuifikia Kaze, mahali ambapo leo ni Tabora. Njiani walipita Marenga Mkali, nyika ambayo jina lake lenyewe lataja ubaya wa maji yake, kisha Ugogo, ambako hata maji yalilipiwa hongo, kisha Mgunda Mkali. Katika njia ya namna hiyo visima ni vichache, na kila msafara hulala palepale walipolala watu wa jana na wa juzi.

Gharama ya desturi hiyo ilidhihirika mwaka 1869 na 1870. Kipindupindu kilishuka kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, kikavuka bahari hadi Unguja, na kutoka pwani kikarudi tena bara kwa kufuata njia za biashara. Dk. James Christie, tabibu aliyeishi Unguja wakati huo, alikusanya habari kutoka kwa wasafiri na wafanyabiashara, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu ya mwendo wa maradhi hayo katika Afrika Mashariki. Baadhi ya wapagazi waliokuwa wakimpelekea Dk. David Livingstone shehena zake Ujiji walikufa kwa ugonjwa huo. Robert Koch alikuwa bado hajakitenga kijidudu chake. Alifanya hivyo mwaka 1884. Lakini msomaji wa leo huiona bila shida njia kilichopita: kutoka tumboni mwa mtu mmoja hadi katika maji ya kunywa ya mwingine.

Msafara uliweza kuondoka. Mji hauwezi. Tabora imekaa mahali pake, na kila siku inayopita majitaka ya hoteli, ya hospitali, ya shule na ya maduka lazima yaondolewe mahali ambapo watu wanaendelea kuishi. Makala haya yanahusu sehemu ndogo ya kazi hiyo, sehemu ambayo haionekani na ambayo mwenye jengo aghalabu huikumbuka siku inapoharibika: pampu inayokaa shimoni chini ya nyumba ya biashara na kuyapandisha majitaka yasiyoweza kwenda yenyewe.

Kwa nini yasiende yenyewe?

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na aliyewahi kusafiri kwa garimoshi katika nchi ile anajua jinsi ilivyo tambarare. Mhandisi wa reli huipenda nchi ya namna hiyo. Mhandisi wa majitaka haipendi hata kidogo, kwa kuwa mtumishi wake mkuu ni mvutano wa dunia, na mtumishi huyo hafanyi kazi pasipo na mteremko. Bomba la nyumba lenye upana wa milimita 100 huhitaji kushuka mita 1 kwa kila mita 80 hivi ili majitaka yachukue vitu vigumu pamoja nayo. Likienda mita 240, basi mwisho wake uko mita 3 chini ya mwanzo wake. Katika mji wa vilima mita hizo 3 hupatikana bure, maana ardhi nayo imeshuka. Katika mji tambarare lazima zichimbwe, na hufika mahali ambapo mfereji mkuu wa barabarani uko juu kuliko sakafu ambayo majitaka yanatoka.

Kuna sababu nyingine ya kulizungumza jambo hili sasa. Kwa miaka mingi Tabora ilitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na wakazi wake wanajua maana ya bomba kukauka. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalifikishwa mjini kwa bomba lililopita Nzega. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko karibu mita 1,200. Kwa hiyo hata maji safi yenyewe hayakuja ila kwa kusukumwa na pampu. Furaha ya maji mengi ni halali, lakini wahandisi hukadiria kwamba kiasi cha asilimia 80 ya maji yanayoingia katika jengo hutoka tena yakiwa majitaka. Kila lita 1,000 zinazoingia huacha nyuma lita 800 za kupelekwa mahali. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019, imeyaweka mambo hayo mawili chini ya kichwa kimoja, na ni sawa, kwani ni mto mmoja.

Tuchukue jengo la kubuni, liwe nyumba ya wageni karibu na stesheni. Juu kuna vyumba vya kulala. Usawa wa barabara kuna maduka. Chini ya ardhi mwenye jengo ameweka jiko, chumba cha kufulia nguo na vyoo vya wafanyakazi. Sakafu hiyo ya chini iko mita 3 chini ya barabara, na mfereji mkuu uko mita 1 na nusu tu chini ya barabara hiyo. Majitaka ya chini lazima yapande.

Kanuni ya kwanza ya wataalamu wote, nayo ndiyo inayovunjwa zaidi, ni kwamba pampu ipewe yale tu yasiyoweza kwenda yenyewe. Vyoo vya wageni vilivyo juu viteremke kwa bomba lao moja kwa moja hadi mfereji mkuu, bila kupita shimoni. Mafundi wengi huona ni rahisi kuyaleta mabomba yote mahali pamoja. Matokeo yake ni kwamba umeme ukikatika, jengo zima linakosa choo, na wageni wa ghorofa ya pili, kwa kuvuta maji tu pasipo kujua, huijaza sakafu ya jiko. Mabomba yakitengwa, mvutano wa dunia huendelea kuwahudumia walio juu hata gizani.

Kusukuma, wala si kuvuta

Mwanafunzi wa fizikia ataniuliza kwa nini pampu itumbukizwe katika shimo lenye kinyaa badala ya kuwekwa juu, pakavu, ikavuta. Jibu alilitoa Evangelista Torricelli mwaka 1643. Pampu ivutayo haina kamba ya kulifunga maji. Inaondoa hewa tu, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyapandisha maji bombani. Ufukweni mwa bahari uzito huo waweza kusimamisha nguzo ya maji ya mita 10.3. Tabora, kwa sababu ya mwinuko wake, kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 88, na nguzo haizidi mita 9. Ukitoa msuguano wa bomba na mvuke wa maji yenyewe, katika kazi halisi mita 7 ni nyingi. Kizuizi hichohicho huyapata magari ya kunyonya makaro: gari lilelile litanyonya kutoka kina kikubwa zaidi Dar es Salaam kuliko Tabora, wala si kosa la dereva. Kusukuma hakuna mpaka huo. Ndiyo maana pampu hukaa chini, ndani ya majitaka au kando yake kwa usawa uleule, ikayasukuma kwenda juu.

Kabla mota za umeme hazijaenea, Isaac Shone wa Wrexham, katika nchi ya Wales, alibuni njia nyingine mnamo mwaka 1878: majitaka huingia katika chungu cha chuma, na chungu kikijaa, hewa iliyoshindiliwa hufunguliwa ikayafukuza. Mitambo yake iliwekwa chini ya Bunge la Uingereza mwaka 1888, na ilikuwa ingali ikifanya kazi zaidi ya miaka 100 baadaye. Siri ya maisha marefu ni kwamba ndani ya chungu hapana panga la kuzunguka ambalo kitambaa kingeweza kulisonga.

Pampu zetu za leo zina panga, na panga ndilo adui wa matambara. Kanuni moja ya Marekani hutaka pampu inayopokea vyoo iweze kupitisha tufe gumu lenye upana wa milimita 51 bila kukwama. Kiwango cha Ulaya, EN 12056 sehemu ya 4, kilichotolewa mwaka 2000, hutaka bomba la kutolea lisiwe jembamba kuliko milimita 80, isipokuwa pampu iwe na visu vya kusaga. Hapo milimita 32 yatosha.

Basi msomaji atasema: tuweke bomba pana zaidi ili tuwe salama. Hapo ndipo hesabu inapomsahihisha. Tuseme pampu yetu hutoa lita 4 kwa sekunde. Katika bomba la milimita 80 eneo la mkato ni mita za mraba 0.00503, na mwendo wa maji ni 0.004 ÷ 0.00503, yaani karibu mita 0.8 kwa sekunde. Katika bomba la milimita 100 eneo ni 0.00785, na mwendo hupungua hadi mita 0.51. Kiwango cha Ulaya hakikubali mwendo ulio chini ya mita 0.7 kwa sekunde, kwa kuwa hapo mchanga na kinyesi huanza kutuama, wala hakikubali zaidi ya mita 2.3. Bomba pana, lililonunuliwa kwa fedha nyingi zaidi, ndilo litakaloziba.

Nguvu inayohitajika si kubwa. Ikiwa maji yanapandishwa mita 5, na msuguano tuuhesabu kama mita 1 zaidi, nguvu ya maji ni 1,000 × 9.81 × 0.004 × 6, yaani wati 235. Pampu ya majitaka hupoteza nyingi, kwa sababu njia zake ni pana. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 40, mota itakula kiasi cha wati 590, pungufu ya pasi ya nguo.

Shimo, boya na kengele

Shimo la pampu lisiwe kubwa mno wala dogo mno. Likiwa kubwa, majitaka hulala humo yakaoza. Likiwa dogo, boya huwasha na kuzima mota kila mara, na kila mota inapoanza huvuta umeme mwingi wa ghafla na kupata joto. Tuite ujazo ulio kati ya alama ya kuwasha na alama ya kuzima V, uwezo wa pampu Q, na majitaka yanayoingia q. Muda wa kujaa ni V/q; muda wa kumwagwa ni V/(Q − q). Jumla yake ndiyo mzunguko mmoja. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kuonyesha kwamba jumla hiyo huwa ndogo kuliko zote q inapokuwa nusu ya Q, na hapo mzunguko ni 4V/Q. Ikiwa tunataka mota isianze zaidi ya mara 10 kwa saa, mzunguko usipungue dakika 6. Pampu ya lita 240 kwa dakika huhitaji basi V ya lita 360. Katika shimo la mita 1 kwa mita 1.2, hizo ni sentimita 30 tu za kina.

Lakini juu ya sentimita hizo 30 pawe na akiba. Wakazi wa Tanzania hawajasahau migao ya umeme ya mwaka 2006 na 2011. Ikiwa jiko na vyoo vya chini hutoa wastani wa lita 0.2 kwa sekunde, akiba ya lita 1,500 itajaa katika saa 2 na dakika 5. Baada ya hapo ama jenereta iwake, ama milango ya vyoo hivyo ifungwe kwa kufuli.

Kwa majengo yanayotumiwa na umma kanuni za Marekani hudai pampu mbili, nazo zifanye kazi kwa zamu. Zamu ina hekima kuliko inavyoonekana. Pampu ya akiba ikikaa mwaka mzima bila kazi, siku ya kuhitajiwa itakutwa imeshikana. Zikipokezana, iliyokufa hujulikana wiki ileile, wakati mwenzake angali hai. Nimewahi kuitwa kutazama jengo moja la biashara lililokuwa na pampu mbili mpya kabisa, zote zikiwa zimeungwa kwenye swichi moja na boya moja. Boya lilinaswa na kitambaa cha deki, na pampu zote mbili zikalala pamoja kama ndugu. Kengele ya hatari ilikuwapo pia. Waya wake ulikuwa umekatwa, kwa kuwa, nilivyoelezwa, ilikuwa ikiwasumbua wageni usiku.

Juu ya pampu, katika bomba la kutolea, huwekwa vali ya kuzuia maji yasirudi, na baada yake vali ya kufunga kwa mkono ili fundi aweze kuifungua ile ya kwanza bila kuogeshwa. Zote mbili zikae mahali pa kufikiwa. Hata hivyo kiwango cha Ulaya hakiiamini vali peke yake, nami nakubaliana nacho, maana uzi mmoja wa dekio ukinaswa katika mlango wake, mlango haufungi tena. Kwa hiyo bomba hupandishwa kwanza hadi juu ya usawa wa barabara, likakunjwa, ndipo likashuka kwenye mfereji mkuu. Mfereji ukiziba wakati wa masika, majitaka hupanda hadi yakafurika kwenye kifuniko cha barabarani. Hayawezi kuruka kunjo lililo juu kuliko barabara yenyewe. Kunjo halina sehemu inayosogea, basi halina cha kuharibika.

Mvua na ichukue njia yake. Tabora hupata kati ya milimita 900 na 1,000 kwa mwaka, karibu zote tangu Novemba hadi Aprili, na mara nyingi kwa kishindo. Paa la mita za mraba 400 likinyeshewa milimita 50 kwa saa moja hutoa lita 20,000, yaani lita 5.6 kwa sekunde. Pampu yetu ya lita 4 imekwisha kushindwa kabla choo hata kimoja hakijavutwa.

Palipo na karo badala ya mfereji mkuu, na ndivyo ilivyo katika majengo mengi, pampu isimwage moja kwa moja karoni kwa nguvu zake zote. Karo hufanya kazi kwa utulivu: mazito huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka. Msukumo wa ghafla huvuruga tabaka hizo na kupeleka tope katika mashimo ya kunywea, ambayo huziba. Chemba ndogo ya kutuliza mwendo kabla ya karo huondoa taabu hiyo. Na visima viwe mbali. Umbali utajwao mara nyingi ni mita 30.

Harufu inapotoweka

Nimeiacha nyuma hatari iliyo kubwa kuliko zote. Majitaka yaliyolala bila oksijeni huliwa na bakteria wanaovuta oksijeni yao kutoka katika salfeti, nao hutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile inukayo kama yai viza. Joto la nchi yetu huiharakisha kazi hiyo. Uzito wa molekuli ya gesi hii ni 34, na wa hewa kwa wastani ni 29. Kwa hiyo hutuama chini ya shimo. Kwenye kuta zenye unyevu bakteria wengine huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, H₂S + 2O₂ → H₂SO₄, ambayo huila saruji na kutu ikavila vyuma. Kwa sababu hiyo kifuniko cha shimo hufungwa kisipitishe hewa, na bomba la hewa la shimo hupandishwa hadi juu ya paa, peke yake, lisitolewe dirishani.

Pua haiaminiki hapa. Gesi ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni, mishipa ya kunusa hupooza, na mtu hudhani harufu imekwisha. Hatua chache zaidi ndani, fahamu hupotea. Katika misiba ya mashimo ya majitaka, mara nyingi wa pili kufa ni yule aliyeingia kumwokoa wa kwanza. Kwa hiyo pampu bora ni ile inayoweza kuvutwa juu kwa mnyororo na kurekebishwa hewani, bila mtu yeyote kushuka. Ikiwa lazima ashuke, shimo lipulizwe hewa, gesi ipimwe kwa chombo, na mshukaji avae mikanda yenye kamba inayoshikwa na watu walio juu, nao wamvute bila kumfuata.

Kiwango cha Ulaya hutaka mitambo hii ikaguliwe kila miezi 3 katika majengo ya biashara, kila miezi 6 katika nyumba za familia nyingi, na kila mwaka katika nyumba ya familia moja. Kwa Tabora ukaguzi mmoja wafaa uangukie Oktoba, kabla ya mvua: boya liinuliwe kwa mkono, kila pampu isikilizwe ikianza, vali ifunguliwe na kusafishwa, na kengele ilizwe.

Mwalimu anayetaka kuionyesha hesabu ya boya darasani hahitaji majitaka. Achukue ndoo yenye bomba dogo la kufungua karibu na kitako, apige mistari miwili ndani yake kwa umbali wa sentimita 5, kisha amwage maji safi humo kwa kijito kisichobadilika. Mwanafunzi mmoja afungue bomba maji yafikapo mstari wa juu na kulifunga yafikapo wa chini. Mwingine ashike saa. Wapime mizunguko kwa vijito mbalimbali, kuanzia kile cha matone hadi kile kinachokaribia kulishinda bomba la chini, kisha wachore muda wa mzunguko dhidi ya kijito. Mchoro utatoka umbo la bakuli, na kitako cha bakuli kitakuwa karibu na pale kijito kinapokuwa nusu ya nguvu ya bomba.